Dakika Mbili za Kutazama Maji

Kipimo ambacho mafundi wa gesi wa Uingereza wamekitegemea kwa miaka mingi hakihitaji umeme wala betri. Ni mrija wa plastiki unaoonyesha ndani, umepindwa kama herufi U, umetiwa maji hadi nusu, na kati ya mikono yake miwili pamebandikwa rula. Ncha moja huunganishwa kwa mpira na bomba la gesi karibu na mita. Ncha ya pili huachwa wazi. Gesi ikisukuma, maji hushuka upande mmoja na kupanda upande wa pili, na tofauti ya vimo hivyo viwili ndiyo presha ya gesi iliyomo nyumbani. Gesi ya bomba hutoka kwenye mita ikiwa na presha ya milibari 21 hivi, nguvu inayotosha kuinua maji kiasi cha sentimita 21 tu. Tairi la gari hubeba presha mara mia ya hiyo. Kabla ya kuwasha boila mpya, fundi hufungulia gesi kidogo, isizidi milibari 10, kisha hufunga vali na kutazama kwa dakika moja kama vali yenyewe inapitisha. Halafu huinua presha hadi milibari 20, akafunga tena, akasubiri dakika moja ili gesi itulie na joto lake lilingane na la bomba, ndipo anapoanza kuhesabu dakika mbili. Kwa mabomba mapya ambayo bado hayajaunganishwa na kifaa chochote, sharti ni kwamba maji yasisogee.

Mtu asiyejua akimkuta fundi amechuchumaa mbele ya mrija huo, saa mkononi, ataona kama kazi imesimama. Boila imekwisha kutundikwa ukutani, mabomba yamechomelewa na kung'arishwa, kilichobaki ni kubonyeza swichi na maji ya moto yatoke. Ninachotaka kuonyesha katika sura hii ni kwamba dakika hizo, pamoja na vipimo vingine vinavyozifuata, ndizo kazi yenyewe. Usalama wa boila ya gesi hauko ndani ya mashine, hata iwe ya bei gani, wala hauko katika mikono ya fundi, hata awe hodari namna gani. Uko katika kipimo kilichofanywa na mtu anayejulikana, kikaandikwa, kikarudiwa baada ya muda. Sababu ni kwamba gesi ni miongoni mwa hatari chache za nyumbani ambazo anayeishi nazo hana njia ya kuziona mwenyewe. Paa likivuja utaona doa darini. Waya ukiungua utanusa. Boila inayoua huweza kuendelea kutoa maji ya moto vizuri kabisa mpaka usiku wa mwisho.

Msomaji wa Mombasa au Tanga huenda hajawahi kuishi na boila, kwa hiyo nieleze kwa ufupi. Nchi za baridi haziwezi kukalika miezi ya Desemba na Januari bila kupasha nyumba joto. Zaidi ya nyumba milioni 20 nchini Uingereza hufanya hivyo kwa sanduku la chuma lenye ukubwa wa kabati la jikoni. Ndani yake gesi asilia huungua, moto ukapasha maji, na maji hayo yakazungushwa na pampu kwenye rejeta zilizotundikwa ukutani kila chumba, halafu yakarudi kupashwa upya. Mara nyingi sanduku hilohilo hupasha pia maji ya kuoga. Wapangaji Waswahili wa London, Leicester au Reading wanaamka nalo na kulala nalo. Ndani ya sanduku hilo mna hatari mbili zisizofanana, na ni vizuri kuzitenganisha kwa sababu watu wengi wanaijua moja tu.

Hatari ya kwanza ni gesi kuvuja kabla haijaungua. Gesi asilia, ambayo sehemu yake kubwa ni methani, hulipuka ikichanganyika na hewa kwa kiwango cha kati ya asilimia 5 na 15 hivi. Ikiwa pungufu ya hapo haishiki moto, ikizidi inakosa hewa ya kuunguza. Yenyewe haina harufu. Ule uvundo unaojulikana na kila mtu umetiwa makusudi, na kuenea kwa kanuni hiyo kunahusiana na msiba mmoja. Tarehe 18 Machi 1937, katika mji wa New London, Texas, gesi isiyo na harufu ilikusanyika chini ya sakafu ya shule, cheche ikairukia, na karibu watu 300 wakafa, wengi wao watoto. Jimbo la Texas lilitunga sheria ya kuitia gesi harufu baada ya majuma machache tu, na nchi nyingine zikafuata. Tangu hapo pua ya binadamu imekuwa kipimo cha kwanza cha uvujaji. Ni kipimo kizuri, lakini kina mipaka: mtu aliyelala hanusi, mwenye mafua hanusi, na tundu dogo lililo nyuma ya kabati huweza kuvuja mwaka mzima bila kufikia pua ya mtu yeyote. Ndiyo maana mrija wa maji upo.

Hatari ya pili hutokea gesi inapoungua vibaya, na hiyo haina harufu kabisa, kwa kuwa hata ule uvundo uliotiwa huteketea motoni. Gesi ikikosa hewa ya kutosha, badala ya kutoa mvuke na hewa ya ukaa, hutoa kaboni monoksaidi. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaijua hewa hii kwa kazi yake hata kama hawajui jina lake: ndiyo inayoua familia zinazoingiza jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi na kufunga dirisha. Ndani ya damu huishika himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, basi damu inazunguka lakini haibebi kinachotakiwa. Mwaka 1896 mwanasayansi John Scott Haldane aliripoti kwa serikali ya Uingereza kwamba wachimba makaa wengi waliokufa baada ya milipuko ya migodini hawakuuawa na moto wala kishindo, bali na hewa hiyo. Kutokana na kazi yake ndege wadogo, chiriku wa manjano, wakawa wanashushwa migodini pamoja na watu, na migodi ya Uingereza iliendelea kuwatumia mpaka mwaka 1986. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu na akili kuzubaa. Katika nchi ambako boila hufanya kazi zaidi msimu uleule wa mafua, dalili hizo humfanya mgonjwa ajifunike blanketi, afunge dirisha na kuongeza joto.

Hesabu ndogo itasaidia kuona uzito wa jambo hili. Mita moja ya ujazo ya gesi asilia huhitaji karibu mita 10 za ujazo za hewa ili iungue sawasawa. Boila ya kilowati 30, saizi ya kawaida nyumbani, ikifanya kazi kwa nguvu zake zote hula gesi mita za ujazo 2.8 hivi kwa saa, kwa hiyo inameza hewa mita za ujazo 27. Chumba cha kulala cha mita 3 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.4, kina hewa isiyofika mita 22. Boila inayovuta hewa ya chumba cha namna hiyo, milango na madirisha yakiwa yamefungwa, itakuwa imehitaji hewa yote ya chumba kwa muda usiofika saa moja. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini sheria ya Uingereza inakataza kufunga bafuni boila inayotumia hewa ya ndani, na kwa nini chumba cha kulala hakiruhusiwi kuwa na boila ya zaidi ya kilowati 14 isipokuwa ile iliyotengwa kabisa na hewa ya chumba. Boila za namna hiyo huwa na mabomba mawili, moja ndani ya jingine, yanayopenya ukutani: la ndani hutoa moshi, na nafasi iliyolizunguka huingiza hewa kutoka nje. Ni ubunifu mzuri sana. Lakini ukitazama vizuri utaona umehamisha hatari kutoka chumbani ukaiweka kwenye viungo vya bomba, na kiungo ni kazi ya mikono.

Sheria hizi hazikutoka kwenye vitabu. Mpaka miaka ya 1960 nyumba za Uingereza zilitumia gesi iliyotengenezwa kwa makaa ya mawe, ambayo yenyewe ilikuwa na kaboni monoksaidi ndani yake, hata kuvuja tu kuliua. Kati ya mwaka 1967 na 1977 nchi nzima ilihamia gesi asilia iliyogunduliwa chini ya Bahari ya Kaskazini. Kwa kuwa gesi hiyo ina joto karibu maradufu, mafundi walilazimika kuingia nyumba kwa nyumba, milioni kadhaa, wakibadilisha vichomeo vya kila jiko na kila kipasha maji. Huenda ndiyo ziara kubwa kuliko zote za ufundi kuwahi kufanywa katika nyumba za nchi hiyo. Mabadiliko hayo yaliokoa maisha ya wengi, lakini yaliacha pia imani mbaya kwamba gesi mpya haina sumu. Haina, mpaka iungue vibaya.

Mwanzoni mwa kipindi hicho, alfajiri ya tarehe 16 Mei 1968, mkazi wa ghorofa ya 18 ya jengo jipya la Ronan Point, mashariki mwa London, aliwasha kiberiti ili achemshe chai. Gesi ilikuwa imevuja kwenye kiungo cha jiko. Mlipuko uliofuata haukuwa mkubwa sana, mkazi huyo mwenyewe alinusurika, lakini ulisukuma ukuta wa zege uliokuwa unabeba vilivyo juu yake, na pembe nzima ya jengo la ghorofa 22 ikaporomoka. Watu 4 walikufa. Kamati ya uchunguzi ilifuata njia ya gesi ikaishia kwenye nati moja ya shaba iliyounganisha mpira na jiko, nati isiyofikia kiwango. Wahandisi wa majengo wameandika mengi kuhusu kuta za Ronan Point, na wana haki. Mimi narudi kwenye ile nati. Jengo lilikuwa limefunguliwa muda mfupi tu kabla ya hapo. Hakuna kilichochakaa, hakuna aliyezembea kusafisha. Palihitajika mtu mmoja mwenye wajibu wa kupima kiungo kile na kutia sahihi kwamba amekipima. Baada ya msiba huo, mwaka 1970, liliundwa daftari la hiari la mafundi; mwaka 1972 zikaja kanuni za usalama wa gesi; mwaka 1991 kujiandikisha kukawa lazima; na tangu tarehe 1 Aprili 2009 daftari hilo linaitwa Gas Safe Register. Kufanya kazi ya gesi kwa malipo katika nyumba ya mtu bila kuwemo humo ni kosa la jinai.

Kanuni zinazotumika leo ni za mwaka 1998, na kiini chake kiko katika kifungu kimoja kifupi kuhusu nini kifanyike fundi anapomaliza kazi kwenye kifaa cha gesi. Lazima achunguze kama bomba la moshi linatoa moshi, kama hewa ya kuunguzia inafika, kama presha ya gesi kifaa kinapofanya kazi au kiasi cha joto kinachotumika ni sahihi, na kama kifaa chenyewe kinaendeshwa kwa usalama. Inasikika kama orodha ya kawaida. Tazama hata hivyo inavyotekelezwa. Presha haipimwi boila ikiwa imezimwa. Inapimwa ikiwa inaunguza kwa nguvu zote, kwa sababu bomba jembamba mno huonyesha presha nzuri likitulia na kuishiwa pumzi gesi inapokwenda kwa wingi. Kati ya mita na boila presha haitakiwi kushuka zaidi ya milibari 1. Moshi unanyonywa kwa mashine inayolinganisha kaboni monoksaidi na hewa ya ukaa, na kwa boila za kisasa uwiano ukizidi 0.004 fundi hana ruhusa ya kuiacha ikifanya kazi. Kipimo ninachokiona kizuri kuliko vyote ni cha ile nafasi inayoingiza hewa kati ya mabomba mawili. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Fundi akipima hewa inayoingia akakuta oksijeni iko chini ya 20.6, anajua, bila kubomoa ukuta, kwamba mahali fulani ndani ya bomba lisiloonekana moshi unavuja na boila inavuta pumzi yake yenyewe.

Ushahidi mzito zaidi wa hoja yangu unatoka mahali ambapo vipimo vya namna hiyo vilikosekana. Oktoba 2006, katika hoteli moja kisiwani Corfu, Ugiriki, watoto wawili kutoka Uingereza walikufa kwa kaboni monoksaidi chumbani walimolala. Boila haikuwa ndani ya chumba chao. Ilikuwa kwenye kibanda kilichopakana nacho. Uchunguzi ulionyesha kwamba kifaa cha kuizima boila panapotokea hitilafu kilikuwa kimerukwa kwa waya, na kwamba hewa ya sumu ilipenya kwenye matundu ya ukutani yaliyoachwa wazi pembeni ya mabomba ya kiyoyozi. Hapo pana kazi ya fundi wa boila, kazi ya fundi wa kiyoyozi, na kazi ya mtu asiyejulikana aliyechoshwa na boila iliyokuwa ikijizima kila mara. Huyo wa mwisho ananiuma zaidi. Ile boila ilikuwa inasema, kwa lugha pekee iliyo nayo, kwamba ina tatizo, naye akaiziba mdomo.

Miezi kumi na sita baadaye, Februari 2008, mwanamke kijana alikufa katika fleti magharibi mwa London kwa sababu ya bomba la moshi lililofungwa vibaya. Fleti za miaka ile zilikuwa na mtindo wa kuweka boila katikati ya nyumba na kulipitisha bomba la moshi ndani ya uwazi wa dari mpaka ukuta wa nje. Dari ikishafungwa na kupakwa rangi, hakuna fundi wa ukaguzi anayeweza kuona kama viungo vimeshikana. Kwa maneno mengine, mjenzi alikuwa ameuondoa ukaguzi kabla haujaanza. Jibu lililotolewa lilikuwa la moja kwa moja: kuanzia tarehe 1 Januari 2013, fundi akikuta bomba la namna hiyo bila vifuniko vya kufungulia dari na kulikagua, anapaswa kuiona hali hiyo kuwa ya hatari na kuomba ruhusa ya kuizima boila. Wamiliki wengi walikasirika. Boila zao zilikuwa zinafanya kazi, hazikuwahi kumdhuru mtu, na sasa zinazimwa kwa sababu tu hazionekani. Naelewa hasira hiyo, ila msingi wake ni dhana kwamba kisichoonekana ni kizima mpaka kithibitike kibovu. Kwa mkate au kiti dhana hiyo haina neno. Kwa kitu kinachoua usingizini ni lazima igeuzwe, na anayetaka kukitumia ndiye athibitishe.

Kutoka hapo si mbali kufika kwenye sheria ya wenye nyumba. Mpangaji hawezi kufungua boila, hana mashine ya kunusa moshi, na akishuku jambo anaogopa kumuudhi mwenye nyumba. Mwenye nyumba kwa upande wake halali mle ndani. Basi sheria inamtaka alete fundi aliyeandikishwa kila baada ya miezi isiyozidi 12, na ampe mpangaji nakala ya matokeo ndani ya siku 28, au kabla hajahamia kama ni mpangaji mpya. Mpangaji anayesoma sura hii akiwa Uingereza na hajawahi kuiona karatasi hiyo, aiombe leo. Kuidai ni haki yake. Sheria ina pengo moja ambalo sioni utetezi wake: anayeishi katika nyumba yake mwenyewe hawajibiki kukagua chochote. Wapo wanaosema kila mtu ana uhuru wa kujihatarisha. Lakini nyumbani mwake wanalala watoto, wageni, na mama mkwe aliyekuja kusalimia, na hao hawakuulizwa.

Sasa nije kwenye mapingamizi, maana yapo na mengine yana nguvu. La kwanza husema kwamba kengele ya kaboni monoksaidi, kijidude cha bei ndogo kinachobandikwa ukutani, inatosha. England yenyewe tangu Oktoba 2022 imewataka wenye nyumba kuiweka katika kila chumba chenye kifaa kisichohamishika cha kuunguza, isipokuwa majiko ya gesi ya kupikia. Kila nyumba yenye boila iwe nayo, sibishani hata kidogo. Ila fikiria inavyofanya kazi. Kwa viwango vya Ulaya, kengele hairuhusiwi kulia mapema mno kwa sumu kidogo: sehemu 50 kwa milioni lazima ziwepo kwa saa nzima au zaidi, na hata sehemu 100 huchukua dakika 10 mpaka 40. Imetengenezwa kukuamsha kabla hujafa, na hapo sumu imekwisha kuingia chumbani mwako. Kipimo cha fundi hushika hitilafu ikiwa bado ndani ya bomba. Chandarua na dawa ya malaria hufanya kazi pamoja, na hakuna daktari atakayekuambia uache chandarua kwa kuwa duka la dawa liko karibu.

La pili hutoka kwa watu wanaojua mashine. Wanasema boila za leo zina vitambuzi vya moto, vidhibiti vya mchanganyiko wa hewa na gesi, na swichi zinazojizima joto likizidi, kwa hiyo mrija wa maji ni ushirikina wa zamani. Ni kweli mashine zimekuwa bora mno. Lakini boila inajua kilichomo ndani ya sanduku lake tu. Haijui kama bomba la gesi jikoni limetobolewa na msumari wa rafu. Haijui kama jirani amefungua dirisha jipya karibu na mdomo wa bomba la moshi, chini ya zile milimita 300 zinazotakiwa. Ile ya Corfu nayo ilikuwa na kifaa chake cha kujizima, na waya mfupi tu ulitosha kukinyamazisha.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, kwa sababu ni la haki. Fundi wa mabomba aliyefanya kazi miaka 20 Mombasa au Kampala, mwenye mikono inayojua kila aina ya kiungo, akihamia Uingereza anaambiwa hawezi kugusa boila mpaka asome, alipe, afanye mitihani, kisha aurudie ukaguzi wa ujuzi huo kila baada ya miaka mitano. Je, huu si ukuta wa kuwalinda wenyeji? Gharama yake inauma, na nchi inayohitaji mafundi ingefanya busara kumpunguzia mzigo huo. Lakini mitihani ile haimpimi mikono. Inampima kama anajua kusoma uwiano wa 0.004, kama anajua presha ipimwe wakati gani, na kama atathubutu kuizima boila mbele ya mteja anayelalamika kwamba watoto watalala kwenye baridi. Kitambulisho anachopewa kina picha yake na namba yake, na nyuma yake zimeandikwa kazi anazoruhusiwa kufanya, kwa kuwa anayeruhusiwa kugusa jiko si lazima aruhusiwe kugusa boila. Mteja yeyote anaweza kukigeuza na kukisoma mlangoni. Kwa mgeni ambaye rangi yake au lafudhi yake ingemnyima kazi, kadi hiyo ni ulinzi pia: inamwambia mteja kwamba swali la uwezo wake limekwisha kujibiwa.

La nne ni la karatasi. Wapo mafundi wanaotia sahihi bila kufungua sanduku, wakipita nyumba kumi kwa siku. Wapo, na yeyote anayefanya hivyo anacheza na roho za watu. Hata hivyo, fundi mwongo katika mfumo wenye karatasi ameacha namba yake na tarehe yake, na kazi za mafundi walioandikishwa hukaguliwa kwa kuchagua baadhi na kwenda kuzitazama. Ronan Point palikuwa na nati isiyo na jina. Gharama nayo haipaswi kutuchelewesha: ukaguzi wa mwaka mzima humgharimu mwenye nyumba sehemu ndogo ya kodi ya mwezi mmoja.

Lipo la mwisho, ambalo msomaji wa Dar es Salaam huenda analo mdomoni tangu mwanzo: hayo ni ya nchi za baridi. Boila kweli ni za huko. Bomba la gesi si la huko tena. Gesi ya Songo Songo imekuwa ikifika Dar es Salaam tangu mwaka 2004, na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania limeziunganisha nyumba za Mikocheni, Mtwara na Lindi kwa gesi ya kupikia inayopita ukutani kama maji. Kiungo cha Mikocheni huvuja kwa sababu zilezile za kiungo cha London, na mrija wenye maji nusu unapima vyote kwa rula ileile. Tofauti iko kwenye dirisha: nyumba zetu zina hewa zaidi, jambo linalotusaidia mpaka tunapofunga kila mahali ili tuwashe kiyoyozi.

Uingereza kwenyewe boila zinaanza kuondoka, zikipisha mashine za umeme zinazovuta joto kutoka hewa ya nje, na kuna wanaouliza faida ya kukaza masharti ya kifaa kinachozeeka. Kazi hiyo ya kuondoa imo katika kanuni zilezile. Boila ikishatolewa ukutani, bomba lililokuwa linailisha hubaki likiwa na gesi ndani yake, na kila ncha iliyoachwa wazi lazima izibwe kwa kifuniko cha chuma kinachostahili, si kwa tambara wala utepe. Kisha fundi huutoa mrija wake, huunganisha mpira, hufungulia gesi mpaka maji yatengane kwa sentimita 20, hufunga vali, huchuchumaa, na kuhesabu dakika mbili.